Vidole vya Jani la Muhogo

Mama yangu tumemzika juzi. Aliyesimama kumsemea kaburini, bwana mmoja mwenye tai, alisema marehemu hakusoma, lakini alikuwa mtu wa imani. Nilikuwa nimekaa nyuma pamoja na wanawake, mwanangu ananyonya, na nilipolisikia lile "lakini" nilitaka kuinuka nimwambie akae chini. Sikuinuka, kwa sababu mtoto angelia, na mtoto akilia msibani watu humtazama mama yake, hawamtazami aliyesema upuuzi. Hasira nilirudi nayo nyumbani nzima nzima.

Tulipofika, shangazi zangu walikuwa wamekaa uani wanamenya muhogo wa chakula cha matanga. Muhogo ukimenywa sasa hivi haunuki chakula bado. Hunuka udongo mbichi, na chini ya udongo kuna kiukali chembamba, kama kokwa ya embe ikipasuliwa kwa jiwe. Harufu ile ilinikuta mlangoni, mtoto begani, nikasimama. Mimi nimesoma mpaka sekondari. Cheti changu nimekifunga kwa kitambaa nikakiweka sandukuni. Lakini kitu cha kwanza nilichokijua duniani kwa uhakika, kitu ambacho mtu mzima alinipinga akashindwa, nilikipata kwa mama huyu ambaye hakusoma. Nitakieleza, na sitamung'unya maneno.

Ninyi mliokuwa watoto pwani wakati wa vita vya pili vya dunia hamhitaji kukumbushwa unga wa njano. Mnakumbuka ulivyonuka gunia, mnakumbuka foleni ya kupimiwa, na ugali wake uliokuwa ukikaa tumboni kama matope ya mtoni. Sisi tulikaa Changamwe, upande wa kwenda Miritini, katika nyumba ya udongo na makuti iliyojengwa juu ya ardhi ya Mzee Nassoro. Baba alikuwa amechukuliwa na jeshi kubeba mizigo ya wanaopigana, katika nchi ambayo jina lake hatukuweza kulitamka vizuri. Nyumbani tulibaki mama na mimi, na nyuma ya nyumba shamba la muhogo. Mama wakati ule alikuwa na umri kama wangu huu wa sasa. Nikilifikiri hilo ndipo ninapozidi kukasirika, kwa sababu mimi nina mume anayerudi jioni, nina bomba la maji uani, na bado kuna siku nalalamika.

Shamba lile ndilo lililotulisha. Tulikula muhogo wa kuchemsha asubuhi, mchana wa nazi siku nazi ilipopatikana, na mwingine mama aliuuza mafungu mafungu kando ya barabara kwa watu wa reli. Mpaka wa shamba ulikuwa mipira. Nasema ule mti, jamaa yake muhogo, ulioletwa na Wazungu waliotaka utomvu wake, wakashindwa, wakaondoka na kutuachia. Kwetu majani yake machanga ni kisamvu kizuri, ukiyatwanga na kuyachemsha mpaka uchoke. Lakini mizizi yake hailiwi. Mti ukiwa mdogo mizizi huvimba kama ya muhogo, na ukiila hivihivi inaua. Tena mpira hautulii mpakani. Tunda lake ni dogo, la mviringo, na jua likiwaka sana hupasuka, ta, na mbegu hurukia mbali. Hatua kumi ndani ya shamba utakuta kimche kimesimama kati ya mihogo kama mtoto wa jirani aliyekuja kula bila kualikwa.

Nilipokuwa na miaka minane au tisa mama alinipa kazi ya kuchuma kisamvu, na kwa ajili ya kazi hiyo alinifundisha. Hakunifundisha kwa maneno mengi. Alinikalisha tutani, akaniwekea majani mawili mapajani.

"Hili lashikwa wapi?"

Nikatazama. Jani la muhogo kikonyo chake hulishika ukingoni kabisa, pale vidole vyote vinapokutana. La mpira kikonyo huingia ndani kidogo, jani likakaa juu yake kama mwavuli.

"Funga macho. Tafuta kwa kidole."

Nikafunga macho nikatafuta. Akanivunjia vikonyo, akanipaka maziwa yake kati ya kidole gumba na cha shahada, akaniambia nibane na kuachia. Ya muhogo ni mepesi, hukatika mara moja. Ya mpira huvutika, yakawa uzi. Akanipitisha mkono shinani: muhogo una makovu yaliyoinuka kila mahali jani lilipoanguka, ukipapasa ni kama mgongo wa kenge, mpira mchanga ni laini, na ganda lake huambuka jembamba kama karatasi. Nilikosea, akanirudisha. Nilikosea tena, akanirudisha tena, na hakunipiga wala hakunicheka. Wiki ile vidole vyangu vilinata mpaka nikawa nakula kwa shida.

Kung'oa hakuniruhusu. Kung'oa ilikuwa kazi yake mwenyewe, na hapo ndipo nilipofanya kosa langu.

Kila asubuhi kabla ya kung'oa shina mama aliinama mbele yake, akashika majani moja baada ya jingine, juu, katikati, chini, na midomo ikawa inacheza. Sauti haikutoka. Nilimtazama siku nyingi nikiwa nimesimama na kikapu. Haikuwa sala, maana sala nilizijua, na mama akisali hufumba macho. Nikaamua mwenyewe, kwa akili yangu ya miaka tisa, kwamba anausemeza muhogo. Anauambia utoe sumu. Na muhogo unatii, kwa sababu ni mama.

Sikuogopa hata kidogo. Nilijivuna.

Jirani yetu alikuwa Mama Mutua. Mume wake alifanya kazi ya reli, na walikuwa wamekuja kutoka bara hawajamaliza hata miezi mitatu. Walikuwa na watoto wawili: Mwende, rika langu, na Mutua mwenyewe, wa miaka minne, tumbo mbele, kicheko wakati wote. Siku moja Mwende aliniambia mama yake anajua kusuka kiondo ambacho hakipitishi maji. Mimi sikuwa na kiondo cha kumjibu.

"Mama yangu anasema na muhogo," nikamwambia.

"Anasema nini?"

"Anauambia usiwe mchungu. Anapenda, unakuwa mtamu. Asipopenda, shauri yako."

Hilo la mwisho nililitia mimi, kunogesha.

Mwende alikwenda akamwambia mama yake. Mama yake aliwaambia wanawake kisimani, kwa mzaha, walivyokuja kusema baadaye. Maneno yalikaa huko yakingoja siku yake.

Siku yake ilifika mchana mmoja wa jua kali. Tulimsikia Mama Mutua akilia kwa lugha yake, na mama alitupa mwiko akakimbia, nami nyuma. Mutua alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imebadilika rangi, macho yametazama juu, anahema kama aliyekimbizwa. Mwende alikuwa pembeni anatapika. Mama hakuuliza kitu. Alimgeuza mtoto, akamtia vidole kooni mpaka akatapika, akamfuta, akamtia tena. Akaniambia nilete dafu. Alipokuwa akimnywesha niliona anatazama sufuria iliyokuwa bado jikoni, akainama akainusa.

"Mmekula nini?"

"Muhogo," alisema Mama Mutua. "Muhogo yako. Ile nilinunua asubuhi."

Ni kweli alikuwa amenunua fungu kwetu asubuhi ile. Mama alimtazama kidogo, kisha akasema, "Mfunge mgongoni, twende." Wakamkuta mtu wa reli mwenye baiskeli, na Mutua akapelekwa hospitali.

Hakufa. Nawaambia mapema ili msome kwa amani. Kesho yake alikuwa anaomba maji, na siku ya tatu alirudishwa amekonda shingo. Lakini jioni ile hakuna aliyejua kama atapona, na watu wasiojua jambo hulijaza wenyewe. Yale maneno ya kisimani yakatoka. Kwamba mama Sidi husema na muhogo. Kwamba akipenda huwa mtamu. Kwamba asipopenda, shauri yako. Na nani kasema? Kasema Sidi mwenyewe, mtoto wake wa kumzaa.

Nilijifanya nina homa nikalala mapema. Mama hakuniuliza.

Asubuhi Mzee Nassoro alikuja na vijana wawili wenye mapanga. Alikuwa mzee mrefu, kanzu safi wakati wote hata kwenye matope, na hakuwa mtu mbaya. Kodi ya ardhi alitungojea miezi mpaka posho ya baba ifike. Lakini alikuwa mwoga wa serikali. Mtoto akifa juu ya ardhi yake, askari wangemjia yeye kwanza. Nyuma yake walifuata majirani, na nyuma ya majirani Mama Mutua aliyerudi kutoka hospitali kufuata nguo, macho yamevimba, Mwende kashika kanga yake.

"Shikamoo, Mzee," alisema mama.

"Marahaba. Mama Sidi, sikuja kwa ugomvi. Hili shamba ling'olewe leo. Ung'oe wewe, ama wang'oe hawa. Na mwezi ukiandama uwe umetafuta pengine pa kukaa."

Mama alikuwa ameshika jembe. Hakuliweka chini.

"Kwa kosa gani?"

"Wallahi usinichoshe. Mtoto wa watu yuko hospitali kwa muhogo wako. Na watu wote wasema una maneno unayousemea. Mimi ni Muislamu, mambo hayo siyataki juu ya ardhi yangu."

"Sisemi na muhogo. Nahesabu."

Mtu mmoja alicheka. Mzee Nassoro akauliza, "Wahesabu nini?"

"Vidole vya majani. Muhogo wangu huu una saba, mara nyingine sita, na ni vyembamba. Mpira una vitatu au vitano, na ni mapande. Lakini mpira ukizaana na muhogo hutoka chotara, na chotara ana majani ya huku na ya huku kwenye shina moja. Ukihesabu jani moja atakudanganya. Ndiyo maana nahesabu ya juu, ya kati na ya chini. Kila shina. Kila siku."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikiwaambia kwamba dunia ilizunguka, msidhani natia chumvi. Miezi yote ile nilikuwa nikimtazama mama yangu akihesabu mpaka saba, na nikatangaza kwamba anafanya uganga.

"Maneno rahisi hayo," alisema Mzee Nassoro. "Nionyeshe."

"Nitakuonyesha."

"La, si wewe. Wewe wajua kila shina lilipo. Utanambia unalolitaka."

Mama alifikiri, kisha akageuka mlangoni. "We Sidi."

"Abee, mama."

"Njoo."

Nilikwenda. Akamwambia Mzee Nassoro, "Huyu ndiye aliyewaambia watu nasema na muhogo. Mjaribu huyu. Mletee majani wewe mwenyewe, yavunje popote upendapo. Akikosea, ng'oa."

Alisema hivyo kama anayeomba mtu amshikie ndoo. Shamba lilikuwa na miezi minane. Ndicho chakula chetu chote mpaka mwaka mwingine, na unga wa kupimiwa haukutosha hata wiki. Akalitia mkononi mwa mtoto aliyemponza.

Mzee Nassoro aliingia shambani peke yake, akarudi mikono nyuma. Akanipa tawi la kwanza. Sikulitazama, nikafumba macho nikapapasa. Kikonyo ukingoni. Makovu. Nikahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba.

"Muhogo, Babu."

Akanipa la pili. Kikonyo ndani. Laini. Maziwa yalivutika uzi mrefu.

"Mpira. Wa mpakani huu, ni mkubwa."

Watu wakaguna. Mzee Nassoro alirudi tena shambani, na safari hii nilifumbua macho. Nilimwona akipita matuta ya kwanza, akipita ya pili, mpaka katikati kabisa ya shamba la mama yangu, palipo na mihogo mizuri kuliko yote. Akavunja hapo. Akaniletea.

Jani la juu lilikuwa na vidole sita, vyembamba, mtu yeyote angesema muhogo. La katikati vitano. La chini lilikuwa na vidole vitatu vipana, na kikonyo, nilipokitafuta kwa ncha ya kidole, kiliingia ndani ya jani kidogo sana, upana wa punje ya mchele. Nikabana maziwa. Yakavutika, mafupi, lakini yakavutika.

Nilijua ni nini. Na nilijua umetoka wapi, na kila aliyekuwa pale alijua umetoka wapi. Nikisema ni muhogo, tumepona. Nikisema si muhogo, basi mama yangu amepanda sumu katikati ya chakula, na mapanga yale mawili yako tayari. Nikamtazama mama anipe hata kope. Mama aligeuza uso akatazama njia ya reli, kama vile shughuli ile haimhusu.

"Enhe," alisema Mzee Nassoro. "Huu?"

"Huu si muhogo, Babu. Una mpira ndani yake. Usiliwe."

Mzee Nassoro aliliinua lile tawi.

"Nimeuvunja katikati ya shamba la mamako."

"Najua. Nimekuona."

Mmoja wa wale vijana alisema, "Basi, mtoto ameshahukumu," akashika panga lake vizuri. Mama ndipo alipogeuka.

"Nenda katazame chini ya shina hilo," alimwambia yule kijana. "Kabla hujakata, tazama."

Kijana akaenda. Akainama. Tukamsikia akisema kutoka kule, "Umefungwa ukuti."

Hapa lazima niwaeleze wale ambao hawakukulia kwetu. Ukuti ukifungwa kwenye mti, kwa watu wa pwani maana yake ni moja: usiguse. Mti uliofungwa ukuti mtoto wa kwetu hausogelei hata kwa mchezo.

"Iko tisa," alisema mama. "Mbegu zaruka, Mzee, sina la kuzifanya. Nikiupata mdogo naung'oa. Ukikua kabla sijaujua naufunga, nachuma kisamvu chake, mizizi naiacha. Tisa. Ihesabuni."

Wakahesabu. Vijana wawili walipita tuta kwa tuta wakiita, na majirani wakaingia kuwasaidia. Wakafika minane. Wakarudia. Minane. Mzee Nassoro akafungua mdomo, na mama akasema, "Wa tisa uko kule kwenye pembe, karibu na mpaka."

Kwenye pembe palikuwa na shimo. Udongo bado mbichi, na kando yake ule ukuti, umefunguliwa fundo kwa adabu na kuwekwa chini.

Mama alilijua shimo lile tangu jana yake, baadaye nilielewa. Alilijua tangu aliponusa sufuria. Angeweza kulitaja tangu Mzee Nassoro alipofika, na hakulitaja. Alikuwa anamngoja mtu.

"Ni mimi," alisema Mama Mutua.

Alikuja mbele akiwa ameshika kanga kifuani. "Ni mimi nilichimba. Fungu ilikuwa kidogo, watoto ni wawili, baba yao anakula sana. Nilifikiria umefunga ile imekomaa. Kwetu unafunga ile iko tayari." Akasema kwa sauti ya chini, "Na nilijua si yangu. Nikaona aibu kusema. Huyu mtoto amesema ukweli ya kumuumiza mama yake. Mimi ni mtu mzima."

Mzee Nassoro akamgeukia, na uso wake ulikuwa umepata mahali pa kutua. "Kumbe ni wizi. Basi atakayehama ni wewe."

"Haendi popote," alisema mama.

"Amekuibia."

"Ameniibia kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nakikimbia, na mtoto wake nusura afe. Yatosha. Kosa ni langu pia, nimekaa naye miezi mitatu nimemuuzia muhogo tu, sikumwonyesha kitu." Akamtazama Mama Mutua. "Nenda kwanza kwa mwanao. Akirudi, uje asubuhi. Sidi atakufundisha."

"Mtoto?" alisema Mama Mutua.

"Umemwona."

Vijana waliondoka na mapanga yao safi. Muhogo wetu ulisimama mpaka ukakomaa, na mwaka ule kuna nyumba za karibu zilizolala na njaa, yetu haikulala. Mama Mutua alikuja kila asubuhi wiki nzima. Nilimkalisha tutani, nikamwekea majani mawili mapajani, nikamwambia afunge macho, mimi wa miaka tisa na yeye mama wa watoto wawili. Alikosea, nikamrudisha. Mwende alikaa pembeni akisema mwalimu gani huyu pua imejaa kamasi, na mama yake akamwambia anyamaze, yuko darasani.

Siku ileile ya mapanga, watu walipokwisha kutawanyika, mama aliketi kizingitini kuondoa udongo kwenye jembe kwa kipande cha mti. Nilijua linakuja.

"We Sidi."

"Abee."

"Siku nyingine ukiona midomo yangu inacheza, niulize nasema nini. Usiende kuwaambia watoto wa watu."

"Ndiyo, mama."

Akaendelea kukwangua. Mimi nilikuwa na swali langu. "Mama, ningesema ule ni muhogo, je?"

"Tungebaki na shamba."

"Halafu?"

"Halafu nisingekula tena chakula ulichokipika wewe."

Hakunikumbatia, hakunisifu. Alinipa lile jembe nikalirudishe ndani. Lakini kesho yake tulipofika shambani alisimama nyuma yangu na kikapu, mimi mbele, akaniambia nichague shina la kung'oa. Niliinama nikahesabu mashina manne kabla ya kuthubutu. Nilipovuta na udongo ukaachia, na mizizi ikatoka minene, rangi ya kahawia, imeshikana kama vidole vya mtu aliyelala, nilihisi kifua kinanipanuka mpaka kanga ikanibana. Jioni tulikula muhogo ule. Mama alijipakulia kwanza, akatafuna, akameza, akaongeza.

Miaka mingi baadaye, sekondari, mwalimu wa elimu ya mimea alichora jani ubaoni akatuuliza nani anaweza kueleza kikonyo hushikana vipi na jani. Darasa zima walifungua vitabu. Mimi sikukifungua changu. Kwenye alama nilizopata siku ile waliandika jina langu peke yake, na ningekuwa na akili wakati ule ningeinuka niwaambie waongeze na la mama.

Lakini siku ninayoipenda kuliko hiyo, kuliko hata ile ya mapanga, ilikuja mvua za kupanda zilipokaribia. Mzee Nassoro alikuwa ameletewa mzigo wa miti ya muhogo na jamaa yake wa Kisauni, ya kupanda shamba lake mwenyewe. Akatuma mtu kwetu. Nilimwambia mama twende. Akakataa.

"Ameitwa Sidi," alisema. "Hakuitwa mama Sidi."

Nikaenda peke yangu, nimevaa gauni la kanisani. Mzigo ulikuwa umetuliwa uani, miti mitupu iliyokatwa urefu wa mkono mkono, haina jani hata moja. Nilipoona hakuna vidole vya kuhesabu nilitaka kurudi. Mzee Nassoro aliitikia shikamoo yangu, akachukua mti wa kwanza, akauinua.

"Huu?"

Nikaupapasa. Makovu. Nikakwangua kwa ukucha, nikabana. "Muhogo."

Akauweka kulia. "Huu?"

"Muhogo."

Tuliendelea hivyo mpaka jua likawa juu ya vichwa vyetu. Mke wake alileta maji, akatuweka kwenye kivuli, sisi tukarudi juani kwenye mzigo. Karibu na mwisho aliinua mti mmoja ambao makovu yake hayakuwa mengi wala machache. Nikaukwangua. Utomvu ulikuwa umekauka. Nikaukwangua chini zaidi, nikangoja ulowe, nikabana vidole. Nikarudia. Mzee Nassoro alisimama na kanzu yake safi akingoja, jasho linamtoka chini ya kofia, na hakuniharakisha.

"Huu ni mpira, Babu."

Akautupa nje ya ua, akainama kuchukua mwingine.